Wazo Bure, Kulisoma Ghali

Septemba 2008, Google ilipokuwa ikitimiza miaka kumi, ilitoa mwito kwa dunia nzima: yeyote mwenye wazo la kusaidia watu wengi alitume kwa mtandao, na kampuni ingetoa dola milioni 10 kutekeleza machache yatakayochaguliwa. Mradi ulipewa jina la Project 10^100. Dirisha la kupokea lilikuwa wazi kwa muda usiofika mwezi mmoja, na ndani yake yakaingia mawazo zaidi ya 150,000 kutoka nchi zaidi ya 170.

Ratiba ilisema mawazo 100 bora yangewekwa hadharani Januari 2009 ili watu wayapigie kura. Januari ikapita kimya. Ilipofika Septemba mwaka huo, wafanyakazi zaidi ya 3,000 walikuwa wameshirikishwa kusoma, na badala ya mawazo 100 zikatolewa mada 16, kila moja ikiwa imefunga pamoja mapendekezo mengi yaliyofanana. Washindi watano walitangazwa Septemba 2010, miaka miwili baada ya mwito. Na hii ni kampuni ambayo kazi yake ya kila siku ni kupanga habari za dunia.

Ucheleweshaji huo unaeleweka mara tu ukishika kalamu. Chukua mawazo 150,000 na umpe msomaji dakika tatu kwa kila moja, muda mfupi mno kwa jambo ambalo mtu amekesha akiliandika. Hizo ni dakika 450,000, yaani saa 7,500. Mtu mmoja anayefanya kazi saa nane kwa siku, siku 240 kwa mwaka, angemaliza baada ya karibu miaka minne. Lakini hakuna jopo makini linalomwachia msomaji mmoja uamuzi, kwa kuwa analolitupa huyu asubuhi, mwenzake angelipitisha jioni. Weka wasomaji watatu kwa kila wazo, na hesabu inakuwa miaka kumi na miwili ya kazi. Tuseme kila msomaji analipwa Sh 10,000 za Tanzania kwa saa: ni milioni 225, kabla hata wazo moja halijafanyiwa majaribio.

Hapo ndipo taasisi nyingi zinapojikwaa. Fomu ya mtandaoni hugharimu kidogo, na kupokea pendekezo la elfu moja hakuongezi gharama yoyote ya maana juu ya lile la kwanza. Kwa hiyo bajeti hujaa matangazo, zawadi na uzinduzi, na mstari wa kusoma haupo kabisa. Zamani sanduku la maoni pale mapokezi lilijichuja lenyewe, maana ilibidi mtu afike, atafute karatasi na aandike. Mtandao umeondoa usumbufu huo wote kwa mtoa wazo na kumbebesha anayepokea.

Matokeo ya Google yenyewe yanafundisha. Khan Academy ilipata dola milioni 2 kwa masomo ya bure mtandaoni. FIRST, shirika la Marekani linalofundisha vijana sayansi kwa mashindano ya roboti, lilipata milioni 3. Taasisi ya Sayansi za Hisabati ya Afrika, AIMS, iliyoanzia Cape Town na ambayo baadaye ilifungua vituo nchi nyingine zikiwamo Tanzania na Rwanda, ilipata milioni 2. Hata ukiongeza Shweeb ya New Zealand, vibanda vinavyoning'inia kwenye reli na kuendeshwa kwa pedali, ni vigumu kuona jambo lililozaliwa na mwito wenyewe. FIRST ilikuwapo tangu 1989, AIMS tangu 2003. Umati uliulizwa mawazo mapya, ukajibu kwa kutaja mahitaji yake: elimu, uwazi wa serikali, usafiri. Si jibu baya. Ila orodha ya mahitaji ungeweza kuipata bila kusoma maandiko 150,000.

Wengi husema dawa ni kura: umati ulioleta mawazo ndio uyachuje. Wengi wape. Tatizo ni kwamba kura ya mtandaoni, inayoonyesha idadi inavyopanda, haipimi wazo peke yake, bali hupima pia nani alitangulia. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lililohusisha watu 14,341 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Washiriki waligawanywa katika makundi. Baadhi hawakuona chochote zaidi ya majina, na wengine waliona wenzao wamepakua wimbo gani mara ngapi. Makundi ya aina hiyo ya pili yalikuwa manane, yasiyowasiliana. Wimbo mmoja, ambao kwa wasikilizaji wasioona idadi ulishika nafasi ya 26, ulikuwa wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika jingine. Wimbo ni uleule, masikio ni ya watu walewale kwa wastani. Kilichotofautiana ni vidole vichache vya mwanzo.

Salganik hakuishia kulalamika. Alishiriki kuunda mfumo ambao mshiriki haoni orodha wala idadi ya kura. Anaonyeshwa mawazo mawili tu, achague moja, kisha mawili mengine, na akitaka anaongeza la kwake. Ofisi ya Meya wa New York iliutumia kati ya Oktoba 2010 na Januari 2011 kwa ajili ya mpango wa mazingira wa jiji. Walianza na mawazo 25 yaliyoandaliwa na ofisi. Watu 1,436 walitoa majibu 31,893, wastani wa 22 kwa kila mmoja, na wakapendekeza mawazo mapya 464. Kati ya kumi yaliyoibuka juu, manane yalitoka kwa wananchi.

Takwimu hiyo ya manane kwa kumi ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika suala hili, kwa sababu inaonyesha kwamba umati unaweza kweli kuona kilichowapita wataalamu, bila kuhitaji maandiko 150,000. Walitosha watu 1,436, waliopewa kazi ndogo na ya haki.

LEGO ilipita njia nyingine. Mtu akibuni seti ya matofali na kuiweka mtandaoni, kampuni haiiangalii hadi apate waungaji mkono 10,000. Akifika hapo, jopo linakaa, na seti ikiuzwa mbunifu anapata asilimia 1 ya mauzo halisi. Gharama ya mchujo wa kwanza ameibeba mbunifu mwenyewe kwa kupiga kampeni. Mfumo huu unafanya kazi kwa sababu anayepiga kura ndiye mnunuzi wa kesho. Uhamishie kwenye dawa za malaria au mfumo wa maji wa mji, na kura 10,000 hazitakwambia kama bomba litapasuka.

Bado kuna jambo ambalo hakuna kura inayolifikia. Mwaka 2006 IBM iliendesha mjadala mkubwa wa mtandaoni, duru mbili za siku tatu tatu, wenye washiriki wapatao 150,000 kutoka nchi 104. Ziliandikwa hoja takriban 46,000. Kampuni ikatenga dola milioni 100 kwa biashara mpya kumi, na mojawapo ilikuwa huduma ya benki isiyo na matawi, kwa ajili ya watu wasiofikiwa na benki.

Wakati huohuo, Thika na Nairobi, jambo hilo lilikuwa tayari mikononi mwa watu. Tangu Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walikuwa wakifanya majaribio na wateja wapatao 500, kwa msaada wa karibu pauni milioni 1 kutoka serikali ya Uingereza na kiasi kama hicho kutoka Vodafone. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji kulipa marejesho kwa simu. Waendeshaji wakagundua kuwa wateja walikuwa wakiutumia mfumo huo kwa mambo mengine, kubwa likiwa kutumiana pesa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 ikiwa huduma ya kutuma pesa. Hakuna mteja aliyejaza fomu ya wazo. Walifanya tu, na mtu akawatazama.

Kwa hiyo taasisi ya Dodoma au Kisumu inayotaka kuita mawazo mtandaoni ianze hesabu upande wa pili. Tuseme inatarajia mapendekezo 2,000. Wasomaji wawili kwa dakika tatu tatu ni saa 200, yaani siku 25 za kazi. Yakibaki 100, jozi zinazowezekana ni 4,950. Watu 225, kila mmoja akichagua mara 22 kama wale wa New York, wanatosha kupitia kila jozi mara moja. Wataalamu watatu wakiyapa mawazo 100 hayo saa moja moja, ni saa 300 nyingine, zaidi ya usomaji wote wa mwanzo, na saa hizo si za bei ya karani. Ongeza ujumbe wa majibu kwa wale 1,900 waliokosa, ambao ni rahisi kusahaulika na ndio watakaoombwa mawazo tena mwaka ujao. Kiasi kinachosalia, na kisiwe chini ya nusu ya bajeti, kiende kwenye majaribio ya mawazo matano au sita, kila moja na wateja wake mia chache na mtu wa kukaa nao akiangalia wanavyolitumia.