Kwa Nini Marisau Hupita Nyuma ya Ndege

Mtu apigaye ndege arukaye kwa bunduki ya marisau, akikosa, mara nyingi huzilaumu risasi alizonunua. Husema zakwenda polepole, na kwamba safari ijayo atanunua zile za kasi. Wafanya biashara nao waijua tabia hiyo, na hupenda kuusifu mwendo wa marisau yao juu ya sanduku. Yafaa tuipime hoja hii kwa hesabu, kwa maana si fedha tu zinazopotea. Marisau yapitayo nyuma kidogo huenda yakampata ndege mkiani na tumboni, naye huruka akaenda kufa matetani, asiokotwe na mtu.

Kijana achezaye mpira alijua jambo hili tangu zamani. Ampapo winga mpira, haulekezi miguuni pake. Huutanguliza mbele, ili mpira na mkimbiaji wakutane. Mpiga bunduki naye hana budi kuutanguliza mdomo wa bunduki mbele ya ndege. Swali ni kiasi gani.

Mchukue bata wa mwitu akatizaye mbele yetu umbali wa yadi 40, kwa mwendo wa maili 40 kwa saa. Kila sekunde bata huyo huenda zaidi ya futi 58. Marisau ya risasi ya kawaida hutoka mdomoni kwa mwendo wa futi 1,200 hivi kwa sekunde, lakini hewa huyazuia, hata yafikapo yadi 40 yametumia sehemu 13 au 14 za mia za sekunde. Katika muda huo mdogo bata amekwenda karibu futi nane, na hizo ndizo za kutanguliza.

Sasa tia risasi ya kasi, ya futi 1,350. Msomaji atadhani tofauti ni kubwa. Lakini kitu kiendacho upesi zaidi huzuiwa na hewa zaidi, na kufika yadi 40 zaidi ya nusu ya faida ile imekwisha potea. Ukihesabu, utaona umepunguza kiasi cha kutanguliza kwa inchi saba hivi, ambazo hazitimizi shibiri. Tena marisau hayaendi kama tonge moja. Huko mbali hutawanyika, na mafundi huyapima kwa duara yenye upana wa inchi 30. Inchi saba humezwa humo.

Linganisha hayo na kosa la mkono. Wengi humfuata ndege vizuri, kisha wakati wa kufyatua huisimamisha bunduki wapate kuhakikisha. Kusimama kwa sehemu ya tano ya sekunde humpa bata karibu futi 12. Hakuna baruti iwezayo kulilipa deni hilo! Zaidi ya hayo, ikiwa uzito wa marisau ni ule ule, risasi ya kasi hulipiga bega kwa nguvu zaidi, na mtu aogopaye pigo hufumba macho kabla ya mlio.

Hata hivyo kasi ina mahali pake. Bata humeza changarawe za kusagia chakula tumboni, na pamoja nazo walikuwa wakimeza marisau yaliyoanguka matopeni, nayo madini ya risasi ni sumu. Kwa hiyo tangu mwaka 1991 Marekani nzima imekataza marisau ya madini hayo katika kuwinda bata na mabata bukini. Marisau ya chuma yaliyotumiwa badala yake ni mepesi, kama sehemu saba kwa kumi za uzito wa yale ya zamani, na mwendo wao hupotea mapema. Ndiyo sababu hutolewa mdomoni kwa kasi zaidi. Si anasa, ni kufidia wepesi.

Basi mkono hufundishwaje? Huko huko Marekani, katika mji wa Andover, Massachusetts, mwindaji mmoja aitwaye Charles Davies alibuni njia karibu na mwaka 1920. Alipanga vituo kwa duara kama saa ya ukutani, na mtambo wa kurusha visahani vya udongo, ili mpigaji ajaribu kila pembe. Kisahani kiendacho mbele moja kwa moja hakitaki kutangulizwa sana. Kile kikatizacho kati ya uwanja hutaka futi nne hivi, ingawa ki karibu, kama yadi 21 tu. Mchezo huo ulipewa jina la skiti mwaka 1926, na mwaka 1968 uliingia katika Michezo ya Olimpiki.

Duara ile haikudumu. Jirani alianza kufuga kuku kando ya uwanja, na ikawa lazima kuikata nusu, watu wapige upande mmoja tu. Jirani alikuwa na haki, kwa maana hata marisau madogo ya kuwindia ndege yaweza kufika zaidi ya yadi 200 kabla ya kuanguka. Ndege arukaye chini, usawa wa vichwa vya watu, aachwe apite.