Haki ya Mfanyakazi na Hesabu ya Siku

Wako watu wengi katika pwani yetu, tangu Kilwa hata Lindi, wapatao riziki zao kwa ujira, katika mashamba ya mkonge, maduka na nyumba za wageni. Zamani, chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mtumishi aliyetoroka kazi aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Leo mambo yamegeuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, yamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya rangi, kabila, dini, siasa, jinsia, mimba, ndoa, ulemavu au umri. Tena yakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu amedai haki aliyopewa na sheria.

Walakini haki hii yaweza kupotea mikononi mwa mwenyewe. Tuseme mwanamke amefanya kazi miaka 3 katika nyumba ya wageni huko Kilwa Masoko. Apata mimba, apunguziwa mshahara. Alalamika, wiki ya pili aambiwa asirudi tena. Jirani zake wamshauri, "Ngoja kwanza, hasira za tajiri zitapoa." Shauri hilo ni la huruma, lakini lamdhuru, maana siku zahesabiwa.

Kwa kanuni za mwaka 2007, dai la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa; madai mengine, kama ubaguzi wa mtu aliye bado kazini, ndani ya siku 60. Aliyechelewa hana budi kuomba ruhusa kwanza na kuonyesha sababu ya maana.

Wala asikimbilie mahakamani. Mlango wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapo hujaza fomu, na nakala yake humfikishia mwajiri, akitunza ushahidi kwamba imepokewa. Msuluhishi hupewa siku 30 kuwapatanisha. Mdai asipohudhuria, dai laweza kufutwa; mwajiri asipohudhuria, laweza kuamuliwa bila yeye. Mdai aweza kusindikizwa na wakili, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au mtu amchaguaye mwenyewe.

Wasipopatana, shauri la kuachishwa kazi husikilizwa na mwamuzi wa Tume, na dai la ubaguzi laweza kupelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Asiyeridhika na tuzo ya mwamuzi huomba mahakama hiyo iipitie, naye amepewa wiki 6.

Katika shauri la kuachishwa kazi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Katika ubaguzi, mfanyakazi huonyesha kwanza dalili za kutosha, kisha mwajiri hujitetea. Kwa hiyo yafaa kuweka mkataba, hati za mshahara, barua na ujumbe wa simu, na kuandika tarehe ya kila jambo pamoja na majina ya walioliona.

Nanyi wazee wa vijiji na walimu, ambao watu huwajia kwanza na shida zao, msianze kuuliza nani mwenye makosa. Ulizeni hivi: "Uliachishwa kazi siku gani?" Kisha hesabuni pamoja naye siku zilizosalia.