Jahazini, Kazi Kubwa Si Tanga

Mgeni akipanda jahazi kwa mara ya kwanza huinua macho kutazama tanga. Baharia mzoefu hutazama chini. Katika safari za mwambao, iwe Lamu kwenda Mombasa au Pemba kwenda Tanga, upepo ndio unaosukuma chombo, lakini maji ndiyo yanayoamua watu walale saa ngapi na chungu kiinjikwe lini.

Tuanze na kuondoka. Bandari ndogo nyingi hazina gati, kwa hiyo jahazi hulala topeni likingoja kuelea. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa upande wa Zanzibar na Mombasa huzidi mita 3, na maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri. Basi siku hizo mabaharia huamshana kabla ya adhana. Wakiwahi, umande unaovuma kutoka bara huwatoa mlangoni bila jasho. Wakichelewa, wamepwelewa hapo mpaka jioni, na nahodha siku hiyo hasemezeki.

Tanga lenyewe hutaka watu mara chache, lakini zikifika hizo mara hutaka kila mtu. Jahazi kwa kawaida haligeuki kwa kuukabili upepo kwa omo, huupa tezi. Msukani hukaza kana, kamba ya demani hulegezwa, na foromali inayobeba tanga husimamishwa wima sambamba na mlingoti. Hapo mmoja hushika pembe ya tanga na kuizungusha kwa mbele hadi upande wa pili, huku wenzake wakihamisha kamba. Tanga lisilo na mtu wa kulizuia lina nguvu za kumtupa mtu baharini. Ndiyo sababu nahodha mwenye busara hapendi kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kugeuzageuza tanga, ovyo. Mkondo wa bahari kwenye mwambao wa Tanzania na kusini mwa Kenya huelekea kaskazini mwaka mzima. Ukitaka kurudi kusini wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote viko dhidi yako, na itakubidi kubisha njia nzima. Wazee walingoja kaskazi, kati ya Desemba na Machi.

Kazi isiyongoja msimu ni ya ngamani. Hakuna jahazi la mbao lisilovuja hata kidogo. Nyufa kati ya mbao huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, lakini chombo kikipigwa na mawimbi mbao huchezacheza na maji hupata njia. Huchotwa kwa upo, ambao siku hizi mara nyingi ni dumu la plastiki lililokatwa ubavu. Zamu ya kufua maji ndiyo kipimo cha afya ya chombo: zamu zikianza kukaribiana, nahodha haulizi tena habari za upepo. Shehena nayo ina neno lake. Saruji ikilowa imeharibika; chokaa isiyozimwa ikilowa hutoa joto kali linaloweza kuwasha moto chomboni.

Adui mwingine wa mbao ni mdudu anayezitoboa chini ya maji. Anafanana na mnyoo, ingawa kwa ukoo ni ndugu wa chaza. Dawa yake ni kulijahabu jahazi pwani, kulikwangua, kulipitishia moto wa makuti kisha kulipaka deheni, yaani chokaa na shahamu.

Maji ya pipani hayaogewi. Ni ya kunywa na kupikia tu. Vyombo huoshwa kwa maji ya chumvi, na miili pia. Jiko la mkaa hukaa ndani ya sanduku la mchanga, upande wa demani, upepo unakoelekea, ili cheche ziende baharini. Kitoweo hutegemea mshipi wa kurambaza: akinasa nguru, mpishi ameheshimika siku nzima, asiponasa, kuna ng'onda. Swala za safari hufupishwa, na kibla hakitafutwi sana, kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa mwambao huu. Anayesafiri na kusi huswali akielekea omo, anayerudi na kaskazi huelekea tezi.

Siku hizi majahazi mengi yamefungwa mashine, na mabaharia wamepungua. Watu husema taabu imekwisha. Nadhani hawajaingia ngamani: mtikisiko wa injini hulegeza kalafati, na shafti ya pangaboi hupita kwenye tundu jipya lililotobolewa chini ya mstari wa maji. Kuna pampu, ni kweli. Dumu lililokatwa halijatupwa.