Kurambaza: Chambo Si Nyama, Samaki ni wa Kweli

Kila ufikapo msimu wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, bahari yetu hutulia na maji yakasafika. Baada ya sala ya alfajiri, vijana wa Malindi, Watamu na Shimoni husukuma boti zao za mashine wakaelekea nje ya mwamba kurambaza.

Asiyejua atauliza: kurambaza ndiko kufanya nini? Ni kuburura mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Mwishoni pana ndoana na kitu mfano wa samaki, ili nguru, jodari au kolekole akione, akidhani ni riziki yake, akirukie.

Wala si jambo la jana. Wazee wetu walirambaza kwa tanga, na chambo chao kilikuwa manyoya meupe ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoana. Mwaka 1934 mwandishi wa Kimarekani, Ernest Hemingway, alifika Malindi kuvua samaki wa bahari kuu. Wageni kama hao walivua kwa fimbo. Mzee wetu alivuta kwa mkono, na nguru ni yule yule.

Siku hizi kijana hununua chambo cha plastiki chenye ulimi mdogo kidevuni. Ulimi huo ndio ukizamishao na kukitikisa kama samaki aliyeumia. Kati ya walioeneza chambo cha namna hii ni Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland. Aliona kwamba samaki mkubwa humwandama yule dagaa aendaye upogo. Basi mwaka 1936 alichonga gamba la mti, akalivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na juu akapaka filamu za picha alizoziyeyusha. Umaskini humfunza mtu kutazama.

Kanuni zake si nyingi. Mashine isikimbizwe, maana kasi ikizidi chambo hubiringika juu ya maji. Mishipi miwili isilingane urefu, isije ikashikana. Mbele ya chambo hutiwa kipande cha waya, kwa kuwa meno ya nguru ni wembe. Na uwaonapo ndege wanapiga mbizi, pita kando ya kundi. Ukilipasua katikati, dagaa watazama na wakubwa wao wawafuate.

Kanuni ya mwisho niliipata kwa machungu. Mjomba aliniambia, "Mwanangu, usizungushe mshipi mkononi." Nilizungusha. Jodari alipovuta, kidole changu cha shahada nusura kiende naye. Kovu lake hulitazama kila niketipo kwenye tahiyatu.

Lakini liniumizalo zaidi ni jingine. Upepo wa tanga ulikuwa wa Mola, haukudai kitu. Mashine hudai petroli, apatikane samaki asipatikane. Kijana arudiye mikono mitupu hakurudi bure, amerudi na deni. Kwa hiyo mwenye mashine ndiye hasa mwenye haja ya elimu ya tanga: kujua bamvua na maji mafu, ukingo wa mwamba, na rangi ya maji. Elimu hiyo haiuzwi dukani pamoja na chambo. Imo vifuani mwa wazee waketio barazani, na kila mwaka tunawazika.

Enyi vijana, kabla ya kuwasha mashine, wapitieni. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini lazima aujue upwa wenyewe.