Safari ya Siku Moja: Kutoka Bariadi Hadi Milima ya Ngorongoro

Wengi hudhani ya kuwa safari ya kutazama milima ni jambo la wageni watokao Ulaya na Marekani, wenye fedha na nafasi. Sisi hatuoni hivyo. Mtu wa Bariadi, wa Lingeka au wa penginepo katika Mkoa wa Simiyu anaishi katika nchi ya tambarare, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Walakini akipanda motokaa alfajiri aweza kuwa juu ya milima ya Ngorongoro kabla ya jua kuchwa. Twapenda kuwaeleza wazazi na vijana njia hiyo, na mafunzo yanayopatikana humo.

Yafaa kuondoka mara baada ya swala ya Alfajiri. Barabara ya lami yatoka Bariadi hadi Lamadi, karibu na Ziwa Viktoria, na jirani ya hapo ndipo lilipo lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Malipo ya Serengeti ni mbali na malipo ya Ngorongoro, basi yaulizwe na kutengenezwa mapema. Ndani ya hifadhi mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, wala ruhusa haipo ya kusafiri usiku. Achelewaye asubuhi atakwama jioni. Gari na liwe zima na la kimo cha juu, maana wakati wa mvua udongo mweusi wa upande huo hunasa magurudumu. Chakula na maji vitoke nyumbani. Seronera na Naabi pana mahali palipowekwa kwa wasafiri kushuka, na hapo familia yaweza kula na kuswali kwa salama, hali msafiri amekwisha kupewa nafuu ya kupunguza na kukusanya swala zake.

Baada ya Naabi miti hutoweka, yabaki majani mafupi mpaka upeo wa macho. Mtoto atauliza: kwa nini hapa pana majani matupu? Jibu lake li mbele, katika milima ile ya buluu. Milima hiyo ni ya volkeno. Tangu zamani za kale ilitoa majivu, nayo yakachukuliwa na upepo hadi uwandani. Chini ya udongo huo limefanyika tabaka gumu kama saruji, ambalo mizizi ya miti haiwezi kulipenya. Lakini majani yaotayo juu yake yana chokaa na fosforasi nyingi, vitu vinavyotia nguvu mifupa na maziwa. Ndiyo sababu nyumbu, ambao idadi yao yapita milioni moja, huja kuzaa huku kati ya Januari na Machi. Mlima Oldoinyo Lengai, ambao kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu, ungali hai. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008.

Kisha njia yaanza kupanda. Upande huu wa magharibi ni mkavu, lakini ukifika ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi na ukungu hukupokea. Pepo zenye mvua hutoka mashariki, kutoka Bahari ya Hindi. Mlima huzizuia, nazo huacha maji yake upande wa pili, penye msitu mnene. Chini yako lipo shimo la Ngorongoro, mabaki ya mlima mkubwa uliodidimia zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita: kina chake ni kama mita 600, na eneo lake yapata kilomita za mraba 260. Si lazima kushuka. Kutoka ukingoni laonekana vizuri. Usiku mtalala Karatu, na kesho mtarejea.

Lakini tusirudi na picha tu. Msitu ule hushika ukungu na mvua, na maji yake hupita ardhini hadi mbali. Ndiyo yanayolisha mashamba ya mpunga na migomba ya Mto wa Mbu, na chemchemi za Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ambako hulimwa vitunguu mashuhuri viingiavyo katika vyungu vyetu. Anayekata mti juu ya mlima humkausha mkulima asiyepata kumwona.

Nasi wa tambarare tusiseme kwamba neno hili si letu. Wazee wa Kisukuma walikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yafae wakati wa kiangazi. Miti ilipokwisha katika Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake kabla ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza mwaka 1986 na kuifufua desturi hiyo. Maelfu mengi ya hekta yakarudi kuwa na miti na majani.

Basi mzazi, ukipata nafasi, wapeleke watoto wako mlimani. Wakirudi, wape miche waipande nyuma ya nyumba, na uwaulize: ni nani atakayekunywa maji ya mti huu?