Bluberi iko mbali, mapera yako uani



Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani na Kanada wakipiga simu husimulia mengi. Wengine wametaja tunda dogo la mviringo, la rangi ya buluu iliyokolea, liitwalo bluberi. Huko linasifiwa sana kwamba hujenga afya. Je, sisi tulio kambini, tusioliona hata sokoni, tumekosa kitu?

Bluberi ina nini?

Asili ya bluberi ni Amerika ya Kaskazini, na nyingi huhitaji majira ya baridi ili zizae. Zina nyuzinyuzi zinazosaidia kupata choo laini, vitamini C kiasi, na rangi iitwayo anthosayanini, ambayo watafiti wanaona inaweza kusaidia mishipa ya damu. Bluberi si dawa ya kuponya ugonjwa. Ni chakula kizuri tu.

Rangi ya jamii hiyo imo pia katika zambarau zilizoiva, zile zinazobadilisha ulimi wa mtoto. Na kwa vitamini C, pera linaishinda bluberi mbali sana. Gramu 100 za bluberi zina miligramu 10 hivi. Chungwa lina 50 hivi, papai 60 hivi, na pera hupita 200. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, mama mjamzito 55, na mama anayenyonyesha 70. Kwa hiyo pera moja lenye ukubwa wa yai la kuku kwa kawaida linamtosha mtu kwa siku nzima.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Sehemu kubwa ya posho yetu ni unga, maharage au njegere kavu, mafuta na chumvi. Vyakula hivi hushibisha, lakini vitamini C yake ni kidogo mno, na mwili hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980, wakimbizi wengi katika kambi za Ethiopia, Somalia na Sudan waliugua kiseyeye kwa sababu ya kuishi kwa posho kavu bila matunda wala mboga. Ufizi huvimba na kutoka damu, miguu huuma, na vidonda havifungi upesi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni damu. Maharage na mboga za majani vina madini ya chuma yanayotengeneza damu, ila mwili huchukua sehemu ndogo tu. Ukila pera au papai pamoja na maharage, mwili huchukua zaidi. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo usinywe chai pamoja na chakula. Subiri kama saa moja.

Mama anayepungukiwa damu yumo hatarini zaidi akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Lakini mara nyingi mapera ya uani hujazwa kwenye ndoo na kupelekwa sokoni ili ipatikane fedha ya sabuni, na nyumbani halibaki hata moja. Hatusemi msiuze. Tunasema, kabla ndoo haijatoka, tengeni pera moja la mjamzito na moja la kila mtoto. Baba, hili nawe likuhusu.

Namna ya kula

• Osha mikono na matunda kwa maji safi ya bombani. Usinunue tunda lililokatwa na kuachwa wazi kwa nzi, kwani kipindupindu huingia kwa njia hiyo.
• Kula likiwa bichi, si la kupikwa. Moto hupunguza vitamini C.
• Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Akitimiza miezi 6, mpondee papai au pera lililoiva na uchuje mbegu.
• Mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Tunda halichukui nafasi ya vidonge.
• Mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake kwa kuambiwa kwamba mbegu za zambarau zinaponya.

Kupanda

Wengine husema, “Nipande mti wa nini, kesho nitarudi nyumbani?” Mpapai uliotunzwa vizuri huweza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi, na mpera baada ya miaka michache. Uumwagilie maji uliyooshea mboga. Ukiondoka kabla haujazaa, mtoto wa jirani atakula. Na huenda wewe leo unakula matunda ya mti uliopandwa na mtu aliyekwisha kuondoka.

Ukiona mtoto au mjamzito ana viganja vyeupe, uchovu mwingi au anahema kwa shida, usingoje matunda. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.