Karne Zinapogeuka: Hofu za Watu na Elimu ya Nafsi

 

Leo tumekusudia kueleza kwa nini nyoyo za watu hutaharuki kila hesabu ya miaka ikamilishapo mia au elfu. Wengi wenu mwakumbuka usiku wa 31 Desemba 1999. Kompyuta nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, ikahofiwa zitaudhani mwaka 2000 kuwa ni 1900, na mabenki na ndege vitaharibikiwa. Mafundi walifanya kazi kubwa ya kuzirekebisha, na hitilafu zilizotokea zikawa ndogo. Sisi huku tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1420, na kwa hesabu ya Hijra hapakuwa na elfu yoyote iliyogeuka. Hata kwa hesabu ya miladi, elfu ya tatu ilianza 1 Januari 2001, maana hesabu hiyo haina mwaka wa sifuri.

Lakini tusiwacheke wenzetu. Mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, pwani yetu ilienea waraka uliojulikana kuwa Barua ya Makka. Ulidai kwamba Sheikh Ahmad mmoja, mtumishi wa kaburi la Mtume huko Madina, ameota ndoto ya kuonya kuwa Kiama kimekaribia. Lindi watu walishikwa na kicho kikubwa, na wakoloni wakaingiwa na hofu ya uasi. Yafaa tuuangalie wakati wenyewe: vita vya Maji Maji, ambavyo viliigusa hata Uzaramo, ilipo Kisarawe ya leo, vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na njaa ilikuwa imeua makumi ya maelfu kusini. Mtu aliyezika watoto wake hahitaji kushawishiwa sana kwamba dunia inakwisha.

Na siku ya kwanza ya mwaka 1400 wa Hijra, 20 Novemba 1979, Juhayman al-Otaybi na wafuasi wake wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka, wakamtangaza mwenzao kuwa ndiye Mahdi. Damu ilimwagika pahali palipoharamishwa kumwagwa damu, na mapigano yakadumu wiki mbili. Huyo aliyeitwa Mahdi aliuawa humo humo.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1956 Leon Festinger na wenzake wawili wa Marekani walitoa kitabu juu ya kikundi kidogo kilichongoja gharika tarehe 21 Desemba 1954. Gharika haikuja. Wao walisema kwamba aliyekwisha kuacha kazi na mali kwa ajili ya ahadi huona uchungu mno kukiri kosa, hivyo hutafuta udhuru na kuhubiri kwa bidii zaidi. Twapaswa kuongeza kuwa watafiti hao walijipenyeza kikundini kwa siri, na waliozichambua kumbukumbu zao baadaye wamesema kuwa wao wenyewe waliyaathiri mambo waliyoyaeleza. Hata wanachuoni wa dunia hupenda habari iwe nzuri kuliko ilivyokuwa.

Tena kuamini mwisho wa dunia si maradhi. Mwaka 2010 taasisi ya Pew ya Marekani ilitangaza matokeo ya kuwahoji watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Wakristo wengi walitarajia kumwona Yesu akirudi wangali hai, na Waislamu si wachache walitarajia kuuona ukhalifa ukirejea. Watu hao hulima na kusomesha watoto kama kawaida. Hatari huja pale mtu mmoja anapojipa ujuzi wa tarehe. Kanungu, nchini Uganda, wafuasi wa kikundi cha Joseph Kibwetere waliuza mali zao wakingoja mwisho wa mwaka 1999. Ulipopita wakaanza kuuliza maswali, na tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea kanisani.

Nasi twajua kwamba Qurani, katika Suratul A'raf, imeirudisha elimu ya Saa kwa Mola peke yake. Bedui alipomwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, itakuwa lini, alijibiwa kwa swali: ameiandalia nini?

Ndoto ya Sheikh Ahmad haijalala. Sasa hupita kwenye simu, ikimtisha asiyeisambaza kuwa atapatwa na msiba. Mzazi wa Mlandizi au Maneromango aipokeapo amweleze mwanawe kuwa waraka huu ulikwisha watisha mababu zetu mwaka 1908, kisha aufute.

Mwaka 1500 wa Hijra utaingia mwishoni mwa 2076, na uvumi mwingine bila shaka utaandamana nao. Baadhi ya vijana walioko madarasani Kibaha leo watauona, Inshallah. Mnazi wetu mrefu wa pwani hukawia miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Uliopandwa Kisarawe msimu huu waweza kuwa bado wazaa siku hiyo.